Marudio ya Jikoni

Makarasha ya Nyamtondo huanza kunguruma kabla jua halijapanda. Hizo ni mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zikinguruma, bati hutetemeka na vyombo hugongana kabatini. Masele hakuwa na kabati. Vikombe vyake vitatu viligongana ndani ya sufuria.

"Limi! Amka, ng'wanawane, mwanangu. Kimbia kwa Pantaleo."

Limi, binti wa miaka minane, alitoka akifikicha macho, kichupa mkononi. Hakuuliza anatumwa nini. Mahitaji ya nyumba ile aliyajua kama jina lake: mafuta ya kula ya mia tano, sukari ya mia tano, mkaa kopo moja, sabuni kipande.

"Na majani ya chai ya mia," Masele aliongeza.

"Baba, jana si tulinunua?"

"Jana tulikunywa. Nenda."

Mchana Limi angetumwa tena, na jioni tena. Pantaleo, mwenye duka, alishampa jina. Akimwona tu anasema, "Karibu, mteja wa kila saa."

Masele alikunywa chai amesimama. Siku hizi alikuwa hakai. Akikaa, goti linacheza. Akilala, anageuka mpaka kitanda kinalia. Ilikuwa hivyo tangu Mariana, mke wake, afariki miaka miwili iliyopita. Siku ile gari la wagonjwa lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mafuta ya gari ndiyo hayakuwepo. Masele hakusahau, wala hakusamehe. Kuanzia hapo, kila kilichomwendea vibaya alikiweka kwa watu walewale: wakubwa. Sukari ikipanda bei, wakubwa. Barabara ikikatika, wakubwa. Hata mvua ikichelewa, akitafuta vizuri aliwakuta wakubwa wamo.

"Wao wanajaza matangi," alipenda kusema. "Sisi tunapimiwa mafuta kwa kifuniko."

Kazi yake ilikuwa kulisha karasha mawe. Siku yenye mawe alilipwa elfu kumi. Siku isiyo na mawe alilipwa vumbi. Wakati mwingine alipewa ndoo ya mawe yake mwenyewe, akayasaga, akaosha mchanga, akapata chembe ya dhahabu. Mchanga uliobaki haukuwa wake tena. Ulibaki pale kwa mwenye karasha. Mchanga huo wanauita marudio. Mwenye karasha huukusanya, akaupeleka kwenye mitambo, na huko unatoa dhahabu nyingine. Mara nyingi ni nyingi kuliko aliyoipata mwenye jiwe.

Masele aliyachukia marudio kuliko kitu chochote duniani, ukiwaondoa wakubwa.

Siku ile, Ijumaa, mwishoni mwa Agosti, rafiki yake Thobias alikuja pale karashani anahema.

"Masele! Rashi!"

Masele aliangusha jiwe. Rashi ni mahali ambapo dhahabu imeonekana upya, na watu wanakimbilia kabla haijaisha.

"Wapi?"

"Porini, huko Bukombe. Watu wanaokota, kaka. Siyo kuchimba. Kuokota!"

"Umeona?"

"Nimeambiwa na mwenye lori. Linaondoka Jumapili saa sita mchana. Wewe baki hapa usage mawe ya wenzako mpaka uwe unga."

Goti la Masele lilianza kucheza, na yeye amesimama.

Alikuwa mtu wa rashi tangu ujana. Alizaliwa Songwa, huko Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe. Bei ya pamba ilipoanguka, alisema wakubwa wameila, akatupa jembe. Tangu hapo alihama mara saba. Kila mara Mariana alimfuata na masufuria kichwani, bila neno. Chini ya kitanda kulikuwa na begi kubwa la buluu. Ndani mlikuwa na blanketi zito, sweta, tochi na sururu. Hata baada ya msiba begi lile lilibaki limefungwa, tayari kwa safari.

Jioni aliwaambia binti zake.

"Jumapili naondoka. Ninyi mtakwenda Songwa, kwa shangazi yenu Mageni."

Salome, binti mkubwa, alikuwa anasonga ugali. Aliacha kusonga. Alikuwa kidato cha nne.

"Baba, mtihani ni Novemba."

"Hata Songwa shule zipo."

"Nimesajiliwa hapa. Mtihani naufanyia hapa. Nikiondoka sasa, sifanyi."

"Utafanya mwakani."

"Nani atanisajili mwakani? Mama alisema..."

"Mama yako hayupo!" Masele alisema kwa sauti ya juu. Kisha akaishusha. "Salome, sikiliza. Napata elfu kumi. Inaishia mdomoni. Kila jioni mfuko mtupu. Michango ya shule wanataka. Maji tunanunua. Siyo mimi ninayekutoa shuleni. Ni hao wakubwa na bei zao."

Salome alimtazama.

"Wakubwa hawajafunga begi, baba. Umefunga wewe."

Hakuna aliyesema tena. Kwenye jiko, ugali ulifanya plop, kisha ukanyamaza.

"Mkaa umeisha," Limi alisema.

Ugali ulikuwa haujaiva. Masele alipapasa mfuko. Mlikuwa na ufunguo tu. Alichukua kipande cha bati na kutoka nje, kwenda kuomba moto kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Mama Bhoke, mama lishe mwenye asili ya Tarime. Kila siku aliwalisha wachimbaji arobaini. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na hakuogopa mwanaume yeyote.

"Hodi, Mama Bhoke. Nisaidie makaa mawili matatu ya moto."

"Karibu, Baba Salome. Moto sina. Nimeshazima."

"Umezima? Na wateja hawajala?"

"Chakula kiko kapuni."

Masele alidhani anataniwa. Mama Bhoke alifunua kapu kubwa lililojaa nguo kuukuu. Katikati mlikuwa na sufuria. Alipofungua mfuniko, mvuke ulimpiga Masele usoni. Maharage yalikuwa yamepasuka, laini kama siagi.

"Yamepikwa na nini?"

"Na moto wake yenyewe. Nimeyaloweka tangu jana. Nimeyachemsha jikoni nusu saa, yamechemka kwelikweli. Kisha nimeyafungia hapa na mfuniko wake, joto lisitoke. Saa tatu baadaye yameiva, na mkaa wangu nimeuzima zamani. Sasa niambie. Wiki hii umekuja kuomba moto mara ngapi?"

"Mkaa umepanda. Kawaulize wakubwa wanaotoza ushuru kila kizuizi."

"Nitawauliza. Leo naanza na wewe. Ukisaga jiwe lako, ule mchanga wa mwisho unaenda wapi?"

"Marudio? Unauliza nini unachokijua? Anabaki nayo mwenye karasha."

"Anayafanyia nini?"

"Anatoa dhahabu humo! Kuliko yangu! Kajenga nyumba ya ghorofa kwa mchanga wetu."

"Unamchukia?"

"Ninamchukia sana."

Mama Bhoke alicheka mpaka kanga ikamlegea. "Basi twende nyumbani kwako. Nikakuonyeshe karasha lako, na wanaokula marudio yako."

Masele hakutaka. Mambo ya jiko aliyaona ni ya wanawake, akasema hivyo.

"Sawa," Mama Bhoke alijibu. "Na tumbo lako ni la wanawake? Pita mbele."

Jikoni kwa Masele, Mama Bhoke alizunguka. Aliangalia tu. Aliangalia sufuria isiyo na mfuniko. Aliangalia mchicha ambao haujakatwa, wakati moto ulishawashwa ukaisha. Alikwenda uani, akapekua jalala kwa kijiti. Alirudi na konzi mbili: moja ya makaa meusi yaliyomwagiwa maji, nyingine ya chenga za mkaa.

"Salome, mwanangu, moto ukiubakiza unafanyaje?"

"Shikamoo, mama. Namwagia maji, natupa."

"Marahaba. Na hizi chenga?"

"Nafagia."

Mama Bhoke aliweka vyote kwenye kiganja cha Masele.

"Shika marudio yako, Baba Salome. Dhahabu bado imo. Makaa haya ungeyaweka kwenye kopo lenye mfuniko, nje, yangezimika yenyewe, kesho ukapikia chai. Ila kopo lisiingie mnapolala, mkaa wa moto ndani ya chumba unaua watu usingizini. Chenga hizi unachanganya na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, unafinyanga madonge, unaanika. Zinawaka taratibu, zinafaa kwa maharage. Mboga mnakata kabla ya kuwasha. Sufuria mnafunika. Ugali ukitoka, maji ya kuoga yanakaa kwenye moto uleule unaokufa. Ni mambo madogo, yanakera hata kuyasema. Lakini kwa siku mnanunua kopo ngapi?"

"Tatu," Limi alidakia. "Leo nne."

"Mngeweza kununua moja na nusu."

Masele alitazama kiganja chake cheusi. Alitaka kumtaja mtu wa kulaumiwa. Hakumpata, na hilo lilimkera zaidi.

"Mkaa sawa," alisema. "Na duka je? Bei za duka ninafinyanga mimi?"

"Za duka kesho. Njoo na kichupa chako."

Usiku ule walikula ugali waliomaliziwa na Mama Bhoke kwa mkaa wake. Masele aligeukageuka kitandani mpaka Limi akalalamika.

Jumamosi walikwenda kwa Pantaleo, Masele, Mama Bhoke na Salome. Mama Bhoke hakununua kitu. Aliazima kile kikombe kidogo cha kupimia mafuta ya mia tano. Kisha akaomba chupa tupu ya lita moja na ndoo ya maji.

"Mama, unataka kunifungulia kanisa dukani?" Pantaleo aliuliza.

"Nyamaza, uone ubatizo. Salome, pima. Tuhesabu sote."

Salome alichota maji kwa kikombe, akamimina kwenye chupa. Moja. Mbili. Watu wawili waliokuja kununua sigara wakasimama kutazama. Nane. Tisa. Chupa ilijaa kwenye kikombe cha kumi na nne.

"Vikombe kumi na vinne vya mia tano ni kiasi gani?" Mama Bhoke aliuliza.

"Elfu saba," Salome alisema.

"Pantaleo, lita nzima unauzaje?"

Pantaleo alijikuna shingo. "Elfu tano na mia tano."

Masele alipiga meza. "Mwizi! Na wewe umo! Mmeungana na hao wakubwa!"

"Mwizi wapi, mzee?" Pantaleo naye alipandisha. "Mwanao anakuja mara tatu kwa siku. Nafungua dumu, napima, mengine yanamwagika, nafunga. Mkono wangu haulipwi? Lita nzima ipo hapo juu ya rafu, mbele ya macho yako. Umewahi kuiuliza, hata kwa bahati mbaya?"

Masele alitazama juu. Miaka miwili alikuwa anamtuma mtoto. Hakuwahi kuinua macho kwenye ile rafu.

"Na sabuni?" alinong'ona.

"Mche mzima na vipande vyake, hadithi ni ileile. Sukari, ileile. Mkaa ndiyo usiseme. Gunia moja ukilichota kopo kwa kopo, mimi narudisha pesa ya gunia moja na nusu. Nakwambia kwa sababu mama huyu ananitazama vibaya."

Walirudi wakitembea. Masele alitangulia, kisha akasimama, kisha akatangulia tena.

"Hayo ndiyo marudio," alisema mwishowe. "Mimi nachukua chembe ya juu. Yeye anabaki na mchanga wote."

"Umeelewa kuliko nilivyotegemea," alisema Mama Bhoke.

"Lakini mama, mwenzio nalipwa elfu kumi, siku nyingine sifuri. Pesa ya lita nzima naitoa wapi? Ya gunia? Nyie mnasema tu nunua kwa jumla, nunua kwa jumla. Hata redioni wanasema hivyo, wanaolipwa mwisho wa mwezi."

Mama Bhoke hakucheka safari hii.

"Hapo umesema kweli. Nilipoanza kupika, mume wangu amenikimbia, nilikuwa na elfu nane. Huwezi kununua vyote kwa mkupuo, ukijaribu utashindwa wiki ya kwanza. Unaanza na kisicho na gharama. Mkaa. Kopo moja na nusu unayookoa kwa siku, usiiguse. Kwa siku nane una lita ya mafuta. Mafuta yakiwa ndani, ile mia tano ya kila siku haitoki. Inazaa mche wa sabuni. Sabuni inazaa sukari. Kimoja kinavuta kingine. Na gunia la mkaa, usinunue peke yako. Tuligawane mimi na wewe."

Maneno yalikuwa mazuri. Masele aliyasikia yote. Lakini kutoka barabarani alisikia pia mlio wa lori likijaribiwa breki, na damu ikamwenda miguuni.

"Asante, mama," alisema. "Umesema vizuri. Lakini kesho naondoka. Nikipata huko, nitanunua duka zima la Pantaleo."

Salome alikuwa nyuma yao. Alimshika Mama Bhoke mkono, wakabaki nyuma, wakazungumza kwa sauti ndogo.

Jumapili asubuhi Masele alikwenda karashani kuchukua malipo yake ya mwisho. Mwenye karasha alikuwa kanisani. Masele akasubiri. Alikaa, akasimama, akazunguka lile rundo la marudio. Lilikuwa kubwa kama nyumba. Humo ndani, aliwaza, umo mchanga wangu wa miaka sita. Sikuuona ukiondoka. Uliondoka ndoo kwa ndoo.

Alilipwa saa tano. Alirudi mbio. Thobias alikuwa mlangoni, kofia kichwani, anaruka mguu huu na huu.

"Harakisha! Watu wameshapanda!"

Masele aliingia chumbani. Aliinama, akapapasa chini ya kitanda. Begi halikuwepo.

"Salome! Begi langu liko wapi?"

"Jikoni, baba."

Alikwenda jikoni. Begi la buluu lilikuwa sakafuni, limevimba, zipu imefungwa. Alilishika kwa haraka ili alitupie begani. Kisha akaliachia.

Begi lilikuwa na moto.

"Linaungua!" alipiga kelele. "Limi, leta maji!"

"Haliungui," Limi alisema. Hakuinuka hata. "Linapika."

Masele alifungua zipu. Sweta lilikuwa juu. Chini ya sweta kulikuwa na lile blanketi zito, limekunjwa mara nyingi. Alilifunua kama mtu anayemfunua mgonjwa. Katikati mlikuwa na sufuria ya Mariana, ile yenye mpini mmoja, imefunikwa sawasawa. Aliinua mfuniko. Harufu ya maharage na kitunguu ilijaa jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Pembeni yake lilikuwa kopo lenye mfuniko, na ndani yake makaa yaliyobaki, mazima, meusi.

"Nilikuwa nakupikia chakula cha njiani, baba," alisema Salome. Alisema akitazama chini. "Mkaa ulikuwa kopo moja tu. Usingetosha kuyaivisha. Kapu hatuna. Mama Bhoke aliniambia chochote kizito kinafaa. Blanketi zito tunalo moja tu."

Nje, Thobias alipiga mluzi.

"Masele! Umekufa humo?"

Masele alichota harage moja kwa vidole, akaliweka mdomoni. Liliyeyuka. Alikumbuka Mariana akiyapika maharage huku amekaa juu ya mzigo, mahali walipohamia mara ya tano au ya sita, moto unavuma kwa upepo, hayaivi. Hakuwahi kumwuliza amechoka au vipi. Angewezaje kumlaumu mtu kwa hilo? Alijaribu. Wakubwa hawakuwepo siku ile. Alikuwepo yeye.

"Masele!"

Alitoka mlangoni.

"Tangulia," alimwambia Thobias.

"Nitangulie vipi? Lori ni moja!"

"Begi langu lina kazi."

"Kazi gani?"

"Linapika."

Thobias alimtazama kama mtu aliyepandwa na homa. Kisha honi ililia, akakimbia. Vumbi la lori lilifika mpaka mlangoni. Masele aliliangalia mpaka likatua. Miguu ilimwasha. Aliingia ndani, akakaa. Goti lilicheza, na meza ikacheza nalo.

"Nakaa wiki moja," alisema. "Moja tu. Nione."

"Ndiyo, baba," alisema Salome. Alimgeuzia mgongo ili asione uso wake.

Wiki ile mkaa ulikuwa kopo mbili kwa siku, siyo tatu. Salome alisema ni kwa sababu baba yake anafunua sufuria kila dakika kutazama. Wiki ya pili ukawa kopo moja na nusu, na Limi akarudi kutoka dukani amekumbatia lita nzima ya mafuta kwa mikono miwili, anatembea polepole kama amebeba yai. Pantaleo alipiga makofi. "Mteja wa kila saa amekuwa mteja wa kila mwezi! Mnataka nife njaa?"

Mambo hayakunyooka yote. Jumanne moja Masele alisahau akamwaga maji juu ya makaa, akajitukana mwenyewe. Madonge ya kwanza ya chenga yalivunjikavunjika kwa sababu udongo ulikuwa kidogo. Siku moja karasha liliharibika na mshahara haukuwepo siku nne. Zamani siku nne kama hizo wangelala na uji. Safari hii mafuta yalikuwemo, sukari ilikuwemo, na nusu gunia la mkaa, waliloligawana na Mama Bhoke, lilikuwa limesimama kwenye kona.

Mboga ndiyo ilimsumbua. Kiangazi mchicha unauzwa kama dawa. Mama Bhoke ndiye aliyemchokoza.

"Ninyi Wasukuma si mna nsansa, mboga ya kukausha, na michembe? Marehemu alikuwa akianika majani ya kunde mpaka juu ya bati langu."

Masele aliona haya. Machimboni wanacheka. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, wanasema hicho ni chakula cha njaa. Mtu wa dhahabu anakula chapati. Lakini jioni alipiga simu Songwa.

"Dada Mageni, mwadila."

"Mwadila. Wasichana wanakuja lini? Nimewafagilia chumba."

"Hawaji. Nataka nsansa. Na michembe, kama ipo."

Mageni aliguna. Kisha alicheka. "Masele! Wewe uliyesema hutakula tena michembe mpaka ufe? Nitaweka mfuko kwenye basi la kesho."

Mfuko ulifika. Nsansa waliikaanga na karanga. Limi alilamba sahani. Mvua zitakapokuja na majani ya kunde yakawa ya bure, Masele alishaamua, wataanika ya kwao, juu ya bati lao.

Msifikiri aliwasamehe wakubwa. Hapana. Kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa kumi alisimama, akauliza kwa nini bomba limekauka na ndoo ya maji inauzwa. Aliuliza pia habari ya gari la wagonjwa. Mwenyekiti alitaka kumkatiza, akasema, "Mzee Masele kazoea kulalamika."

"Zamani nilikuwa nalalamika," Masele alijibu. "Nyumba yangu inavuja na mimi nalalamika. Sasa ya kwangu nimeziba. Kwa hiyo sasa nadai. Jibu."

Watu walipiga makofi. Jibu lilikuwa refu, halikuwa na kitu ndani. Lakini liliandikwa, na Masele aliahidi kurudi mkutano ujao.

Novemba, siku ya kwanza ya mtihani, Salome aliamka akakuta chai iko tayari. Baba yake alikuwa ameichemsha, na mboga ya mchana alishaikata kabla ya kuwasha moto. Vipande vilikuwa vikubwa kama vya kulisha ng'ombe. Salome hakucheka. Alikunywa, akachukua kalamu mbili mpya, akaenda. Masele alisimama mlangoni mpaka sare yake ikapotea kwenye kona. Makarasha yalinguruma. Vikombe viligongana kwenye rafu ndogo aliyoipigilia mwenyewe.

Saa sita kasoro mtu alibisha hodi. Alikuwa Thobias. Amekonda, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya.

"Hakukuwa na kitu," alisema. "Walituwahi. Tumekula mizizi, kaka."

"Karibu. Kaa."

Masele alilivuta begi la buluu kutoka kona ya jikoni, akafungua zipu, akamchotea sahani ya maharage ya moto. Thobias alikula bila kupumua. Sahani ilipokuwa tupu, aliifuta kwa kidole, machoni ukamrudia mwanga wake wa zamani.

"Masele, nikwambie kitu. Kuna rashi nyingine. Hii ni ya kweli. Upande wa Mbogwe. Lori ni kesho. Chukua begi lako, twende!"

Masele alisikia miguu ikimwasha. Haikuwa imeacha kumwasha hata siku moja. Aliitazama miguu yake, akaitazama sufuria. Ilikuwa imebaki nusu, ya Salome, atakayerudi kutoka mtihani saa tisa na njaa.

Alifunika sufuria. Alikunja blanketi juu yake. Alifunga zipu mpaka mwisho.

"Usiliguse," alisema. "Likifunguliwa sasa, joto litatoka."